Mbeleko ya Safari: Kanga ya Mama au Begi la Dukani?

Leo ukurasa wetu unaongelea mgongo wako, kifua chako na yule mgeni mdogo anayefungwa hapo. Kama bado huna mtoto usiruke ukurasa, maana huenda una dada, wifi au shemeji ambaye kesho alfajiri yuko stendi na mtoto mchanga. Na wewe kaka, kaa hapo hapo. Sehemu yako inakuja.

Swali limetoka Gairo, pale kwenye barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma. Aliyeuliza ni dada wa miaka 20, mama wa mtoto wa wiki tisa. Anatakiwa kusafiri hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300, na nyumbani maneno ni mengi. Mama mkwe anasema, "Mwanangu, mimi nimewabeba sita kwa kanga na wote wako hai." Rafiki yake wa pale barabarani anasema, "Shoga, utaingia Dar na mtoto kwa kanga? Watakucheka!" Na huyo rafiki anayo mbeleko ya kisasa ya kumuuzia, ile ya mikanda na vifungo vya plastiki, mtumba lakini bado inang'aa. Dada wa watu hataki kumuudhi yeyote. Anachotaka kujua ni hiki: ipi itamfikisha salama, na mtoto akiwa bado ananyonya vizuri?

Tumependa maneno yake ya mwisho. Wengi wetu tukichagua mbeleko tunaangalia rangi, tunaangalia bei, tunaangalia watu watasemaje. Kunyonya hatukufikirii kabisa, mpaka mtoto aanze kulia katikati ya basi.

Hebu fikiria inavyokuwa. Umemfunga mtoto mgongoni, juu yake koti, juu ya koti shali, kwa sababu Gairo asubuhi upepo unakata masikio. Umeingia kwenye basi, umebanwa katikati ya watu wawili na mfuko wa viazi uko miguuni. Mtoto anaanza kuhangaika. Kumtoa ni kazi, kifua kukifikia ni kazi, na yule mzee wa pembeni anakutazama. Basi unaomba maji ya chupa, unamdondoshea mtoto "apoze koo". Ananyamaza. Baada ya saa mbili unarudia tena. Jioni mnafika, matiti yamejaa mpaka yanauma, na mtoto tumboni ana maji matupu.

Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Hata maji hahitaji, hata kama kuna joto, kwa sababu maziwa yenyewe yana maji ya kumtosha. Maji ya njiani humjaza tumbo bila kumlisha, na yakiwa si salama yanamletea kuhara. Halafu kuna jambo ambalo watu hawaambiwi: matiti hutengeneza maziwa kadiri yanavyonyonywa. Ukiruka kunyonyesha siku nzima, matiti yanapata habari kwamba kazi imepungua. Siku moja haimalizi maziwa, lakini akina mama wengi wanaosema "maziwa yalikata yenyewe" wakifikiria vizuri watakumbuka yalivyoanza: safari moja, halafu msiba, halafu mnada, kila mara chupa.

Ndiyo maana tunasema mbeleko ni sehemu ya kunyonyesha. Na si sisi tu tunaosema. Mwaka 2012 watafiti wa Italia walitoa matokeo ya kazi waliyofanya na akina mama waliojifungua. Kundi moja walipewa mbeleko na kufundishwa kuitumia, kundi jingine hawakupewa. Watoto walipofika miezi mitano, kundi la mbeleko karibu nusu walikuwa bado wananyonya, asilimia 48. Kundi jingine ilikuwa asilimia 24. Mtoto akiwa mwilini mwako unamsikia anapoanza kutafuta ziwa, anapolamba midomo, anapojaribu kula ngumi yake. Unamnyonyesha kabla hajalia. Kilio ni dalili ya mwisho kabisa ya njaa, na mtoto aliyekwisha kulia sana hata kushika ziwa anashindwa.

Sasa tuje kwenye kanga na begi.

Kwanza tuondoe hii habari ya ushamba. Kiswahili kina neno lake la kazi hii, kubeleka, na nguo yake inaitwa mbeleko au ubeleko. Kwenye mahari za watu wengi wa pwani na bara kuna fungu la mama wa bibi arusi linaloitwa mkaja na jingine linaloitwa ubeleko. Bwana arusi anamshukuru mama kwa kumbeba bintiye. Hakuna anayecheka siku hiyo.

Na lile begi la kisasa unafikiri lilitoka wapi? Miaka ya 1960 muuguzi mmoja wa Marekani, Ann Moore, alikwenda kujitolea Togo, Afrika Magharibi, chini ya Peace Corps. Akawaona akina mama wa huko wametulia na watoto wametulia, wamefungwa mgongoni kwa kitambaa. Aliporudi kwao akajifungua, akajaribu kumfunga binti yake vilevile, mtoto akawa anateleza. Mama yake, Lucy Aukerman, akamshonea mfuko wenye mikanda ya mabegani. Mwaka 1969 wakapata hati ya ubunifu, na mfuko ule ukauzwa dunia nzima kwa jina la Snugli. Kwa hiyo shoga, ukimuona mtu wa Masaki na begi la mtoto kifuani, ujue ile ni kanga iliyokwenda Marekani ikarudi na vifungo.

Kwa hiyo usiulize ipi ya kisasa. Uliza maswali mengine, na la kwanza ni la pumzi.

Mtoto wa wiki tisa bado shingo yake haina nguvu. Kichwa chake ni kizito kuliko shingo inavyoweza kukibeba. Akikunjwa mpaka kidevu kikagusa kifua, njia ya hewa inajikunja kama mpira wa kumwagilia bustani, na yeye hana nguvu ya kujinyanyua wala hapigi kelele. Anaonekana kama amelala tu. Marekani, mwezi Machi 2010, tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo kuhusu mbeleko za mfuko, zile ambazo mtoto analala ndani akiwa amejikunja kama ndizi. Katika miaka 20 walikuwa wamekwisha kuhusisha vifo 14 na mbeleko za aina hiyo, na watoto 12 kati ya hao walikuwa chini ya miezi minne. Hatukuambii hili kukutisha. Tunakuambia kwa sababu kuzuia ni rahisi mno.

Mtoto mdogo hivyo mbebe wima kifuani, tumbo lake kwenye kifua chako, uso umegeukia pembeni. Ukiinamisha kichwa kidogo tu uweze kumbusu utosini. Ukipitisha vidole viwili kati ya kidevu chake na kifua chake, vipite. Na uso wake uuone muda wote bila kufunua kitu. Hapa ndipo akina mama wa sehemu za baridi tunakosea. Tunamfunika mtoto gubigubi, kichwa na pua, "asipigwe na upepo". Anabaki anavuta hewa ileile aliyoitoa. Mvalishe kofia, mfunike mgongo na miguu, lakini pua iachie dunia.

Mgongoni je? Bibi zetu walibeba mgongoni tangu wiki za mwanzo, tunajua. Lakini bibi alikuwa anatembea kwenda shambani na shangazi nyuma yake, na shangazi alikuwa anamuona mtoto. Ndani ya basi mgongo wako umeegemea kiti. Mtoto wa wiki tisa mgongoni ndani ya basi amebanwa kati yako na kiti, na wewe humuoni. Hapana. Subiri shingo ikaze, kwa kawaida miezi mitatu hadi minne, ndipo mgongo uanze kazi yake. Na ukiingia kwenye gari, hata awe na umri gani, mhamishie mbele.

Swali la pili ni la nyonga, na hapa kanga inaringa.

Mtazame mtoto wako akilala chali. Magoti ameyakunja na mapaja ameyafungua kama chura. Hivyo ndivyo nyonga zake zinavyotaka kukaa katika miezi ya mwanzo, wakati kichwa cha mfupa wa paja kinajitengenezea nafasi kwenye kikombe chake. Miguu ikinyooshwa na kufungwa pamoja kwa muda mrefu, mfupa unaweza kutoka kwenye kikombe, na mtoto akaja kuchechemea. Japani miaka ya 1970 walifanya kampeni ya kuwazuia wazazi kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyooka, na tatizo likapungua sana. Malawi wao hawakuhitaji kampeni. Mwaka 2015 madaktari wa hospitali ya mifupa ya Beit CURE, Blantyre, walitoa taarifa ya miaka kumi: watoto zaidi ya 40,000 walihudumiwa, maelfu wakafanyiwa upasuaji wa mambo mbalimbali, na hakuna mtoto mchanga hata mmoja aliyepasuliwa kwa ajili ya nyonga iliyotoka namna hii. Madaktari wale walihisi sababu mojawapo ni kwamba mtoto wa Malawi anakaa mgongoni mwa mama, mapaja wazi, siku nzima.

Kwa hiyo, iwe kanga au begi, kitambaa kiende toka nyuma ya goti moja mpaka nyuma ya goti la pili. Makalio yakae chini kidogo ya magoti, kama ameketi kwenye kiti cha kamba. Sasa lichukue lile begi la mtumba uligeuze. Chini ya makalio lina upana gani? Kama ni ukanda mwembamba unaopita katikati ya miguu tu, na miguu inaning'inia kama ya mwanasesere, liache hapo hapo mnadani. Halitamvunja mtoto kwa safari moja, tuseme ukweli. Lakini uzito wake wote umekaa sehemu za siri, mgongo wake umevutwa, hatatulia, na wewe mabega yatakuuma kabla ya Dumila. Yale ya kumgeuza mtoto atazame mbele ndiyo hatuyapendi kabisa kwa mtoto mdogo. Shingo haina pa kuegemea, na akichoka na kelele za stendi hana pa kuficha uso.

Ukiliona pana, endelea kulikagua. Vuta kila mkanda kwa nguvu, mmoja mmoja. Tazama mshono pale mkanda unapoingia kwenye kitambaa. Kama uzi umechomoka, usijidanganye kwamba utaushona kwa sindano ya mkono. Bana kila kifungo ukisikilize kinavyolia, halafu kivute. Plastiki iliyopigwa jua muda mrefu huwa imepauka na inapasuka bila taarifa. Ndani kuna lebo ya kilo. Nyingi hazianzi kabla mtoto hajafika kilo tatu na nusu hivi, na nyingine zinataka uweke kipande maalumu cha kumwinua mtoto mchanga, ambacho kwenye mtumba mara nyingi kimeshapotea. Uzito wa mtoto wako umeandikwa kwenye kadi ya kliniki, kwa hiyo nenda sokoni ukiwa unaujua.

Haya, na kanga nayo ina maswali yake. Kanga moja ina urefu kama mita moja na nusu. Kwa dada mwembamba inatosha, kwa mwenye mwili inabaki ncha fupi, na ncha fupi ndiyo inayofunguka. Kama uko hivyo, kitenge cha yadi mbili ni bora zaidi. Chagua pamba. Siku hizi kuna kanga za polista zinazong'aa sana, nzuri kwa sherehe, lakini zinateleza na fundo linajilegeza lenyewe. Kuijua ni rahisi: dondoshea tone la maji. Pamba inakunywa, polista linabaki juu linacheza. Halafu inyanyue kanga yako mbele ya dirisha uitazame kwenye mwanga. Kama unaona jirani anavyopita, hiyo kanga imeshastaafu, ifanye nepi.

Namna ya kufunga ndiyo inayogusa maziwa. Wengi tunapitisha kanga chini ya kwapa zote mbili na kukaza fundo juu ya matiti. Kwa mtoto mkubwa na mwendo mfupi sawa. Lakini kwa anayenyonyesha, na kwa saa nyingi, mkanda ule unabana matiti palepale maziwa yanapopita. Maziwa yanaganda sehemu moja, panakuwa na uvimbe mgumu, wekundu, maumivu, na ukichelewa unapata homa. Mabegi yana kosa hilohilo, ule mkanda wa kifuani ukikazwa chini mno. Kwa hiyo kanga ipitishe juu ya bega moja na chini ya kwapa la upande wa pili, na kila baada ya muda ubadilishe bega. Fundo lifunge mara mbili, likae pembeni au juu ya bega, lisikae kwenye ziwa wala kwenye mgongo wa mtoto. Begi nalo, mkanda wa kifuani upandishe juu ya matiti.

Kama ulijifungua kwa upasuaji, jihadhari na begi lenye mkanda mpana wa kiunoni. Kwa wengi unakaa juu ya mshono kabisa. Panga kwanza na muuguzi wako kama safari yenyewe inafaa, halafu funga mtoto juu zaidi, kifuani.

Na mtoto njiti ni habari nyingine. Huyo anakaa kifuani ngozi kwa ngozi, amevaa nepi na kofia tu, kwa utaratibu wa kangaroo ulioanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Tanzania ni mojawapo ya nchi tano zilizofanya utafiti mkubwa wa njia hii, uliotolewa mwaka 2021, ambao ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache zaidi kuliko waliosubiri mpaka hali itulie. Njiti wako usimsafirishe kwa ushauri wa gazeti. Nenda ulipojifungulia wakuambie.

Sasa twende stendi.

Ukitoka ndani ya wilaya, toka Nongwe au Chakwale kwenye makorongo, usafiri wa haraka ni bodaboda. Tutasema wazi: kwa mtoto mchanga hakuna namna ya kufunga kanga wala begi ambayo inafanya pikipiki iwe salama. Akiwa mgongoni anaweza kuanguka bila wewe kujua, akiwa mbele anabanwa kati yako na dereva, na lile la kumweka juu ya tenki mbele ya dereva hata tusilijadili. Kama kuna gari, hata likichelewa, subiri gari. Kama ni dharura na pikipiki ndiyo hiyo tu, basi abiria awe mmoja, hakuna mshikaki, dereva aende polepole, na msimame mara kwa mara umtazame mtoto usoni.

Kwenye basi, kumbuka mbeleko si mkanda wa usalama. Mkanda wa kiti ujifunge wewe mwenyewe, upite chini ya mtoto kwenye mapaja yako. Usiwafungie wote wawili pamoja, kwa sababu basi likifunga breki ghafla uzito wako wote unambana mtoto kwenye mkanda. Kiti cha mbele karibu na kioo mwachie mwingine. Omba cha katikati, upande usio na jua. Ukishaketi, legeza mbeleko. Mtoto akilala ndani yake, sawa, lakini kila baada ya saa moja na nusu au mbili mtoe, mnyooshe, mbadilishe nepi, mnyonyeshe.

Kunyonyesha ukiwa umemfunga inawezekana. Unalegeza kitambaa, unamshusha mtoto mpaka mdomo ufike kwenye ziwa, unamshikilia kichwa kwa mkono, na macho yako yanakaa kwake. Akimaliza unampandisha tena juu, wima, unamcheulisha, ndipo unakaza. Wengi wanasahau kumpandisha. Mtoto anashiba, analala palepale chini na uso umezama kwenye ziwa. Hapo ndipo pua inapozibwa. Na usimnyonyeshe huku unatembea kukimbilia basi. Kaa kwanza, konda atasubiri, na asiposubiri kuna basi jingine.

Aibu ya kunyonyesha mbele za watu tunaijua. Vaa blauzi ya vifungo au nguo mbili, ya ndani inayoshuka na ya nje inayopanda, acha gauni la zipu ya mgongoni kwa siku ya harusi. Mtandio mmoja begani unatosha kukusitiri, mradi usimfunike mtoto kichwa kizima. Atakayetazama atazame, atachoka.

Kuna la joto pia. Gairo mnaondoka na baridi. Mkishuka milima kufika Dumila hali ya hewa imebadilika, Chalinze ni jasho, na mtoto bado yuko ndani ya blanketi lile la alfajiri pamoja na joto la mwili wako. Mguse shingoni kwa nyuma, usimguse mikono, mikono ya mtoto huwa ya baridi hata akiwa na joto. Shingo ikiwa na jasho, punguza nguo moja. Mbeleko yenyewe ihesabu kama nguo.

Na wewe mama, kunywa maji. Wapo wanaojinyima kutwa nzima kwa kuogopa kuomba basi lisimame wakachimbe dawa. Unamnyonyesha mtu na wewe mwenyewe umekauka! Msamvu pale Morogoro kuna choo, shuka, na mtoto usimwachie abiria usiyemjua.

Kaka, tulikuahidi. Kama unasafiri na mke wako, mizigo yote ni yako, hilo halina mjadala. Lakini jaribu na mtoto. Mwaka 1986 madaktari wa Montreal, Kanada, waliwaomba wazazi wa kundi moja wawabebe watoto wao kwa muda mrefu zaidi kila siku, hata kama hawalii. Watoto hao walipofika wiki sita, kulia kwao kulikuwa pungufu kwa asilimia 43 kuliko wenzao. Kilichotakiwa ni kubebwa tu, na kifua cha baba nacho kina joto. Hapa ndipo begi la mikanda linaposhinda kanga, tukubali, kwa sababu wanaume wengi wanaoona haya kufunga kanga begi wanalivaa. Mama akishanyonyesha, chukua mtoto uzunguke naye stendi, yeye ale chakula chake kikiwa cha moto.

Turudi kwa dada yetu wa Gairo. Mtoto wa wiki tisa, safari ya kutwa, ananyonya. Tungekuwa wewe tungekwenda na mama mkwe, ila tungembishia mahali pamoja: mtoto mbele, si mgongoni. Kitenge cha pamba cha yadi mbili cha kufungia, kanga moja ya kufunikia na kutandika, na mtandio. Siku tatu kabla ya safari jaribu nyumbani. Simama karibu na kitanda, mfunge, tembea mpaka kisimani na kurudi, kaa kwenye kigoda kama umebanwa na watu, halafu mtoe umnyonyeshe bila kuomba msaada wa mtu. Ukishindwa mara ya kwanza, afadhali umeshindwa ukiwa kitandani kwako.

Lile begi la rafiki usilikatae moja kwa moja. Mwambie alitunze mpaka mtoto akaze shingo. Kama kitako chake ni kipana na mishono imeshika, nunua, mumeo atalihitaji. Na bei mpunguzishe kidogo, kwa sababu kile kipande cha mtoto mchanga hatakuwa nacho.